Vitambaa Ishirini na Tatu

Maureen wa namba kumi na sita anasema Neville alimtelekeza mama mkwe wake Scotland. Anasema waligombania kiingilio cha ngome, Neville akawasha gari akaondoka, na mama wa watu akabaki amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani, kwenye ukungu mzito ajabu, mpaka polisi wawili wa Edinburgh walipokuja kumuuliza jina lake. Anasema pia kwamba kabla ya Krismasi tutaona kibao cha "Inauzwa" mbele ya namba kumi na nane. Ukimuuliza nani kamwambia, anajibu, "Mambo hujulikana tu, mpenzi," kisha anarudi kukata maua yaliyonyauka juu ya ukuta wake, sikio likiwa limeelekea barabarani.

Benchi lilikuwepo. Ukungu ulikuwepo, na mkoba, na polisi pia. Mengine ni ya Maureen.

Edna Sugden wa namba kumi na nane ana miaka sabini na tisa. Mume wake, marehemu Clifford, alikuwa dereva wa lori la mazulia. Kila alikopeleka mzigo alirudi na kitambaa cha kukaushia vyombo kilichochorwa picha ya mahali hapo: kanisa kuu la York, ngome ya Edinburgh, kuta za Conwy, bandari ya St Ives. "Siku moja nitakupeleka ukaone mwenyewe," alikuwa akisema. Lakini mtu anayeendesha mwaka mzima, likizo yake huitaka kwenye kiti. Alikufa vitambaa vikiwa ishirini na tatu, na Edna hakuwa amekaushia hata kijiko. Vilikuwa vya siku maalumu. Mtaani kwetu kila nyumba ina kitu cha siku maalumu, na siku yenyewe hatujawahi kuiona. Yeye alivifua kila Aprili, akavipiga pasi, akavikunja, akavirudisha kwenye droo ya jikoni.

Mwezi Machi daktari wa macho alimwambia kwamba kitovu cha kuona kwake kinakufa, cha jicho la kulia na cha kushoto, na hakuna dawa. Binti yake Gaynor alilia kwenye gari, akajifuta, akasema, "Basi utapaona mwenyewe palipochorwa kwenye vitambaa, kabla hujachelewa." Neville, mume wa Gaynor, aliazima karavani ya kaka yake, kijumba cha kuvutwa na gari, akaomba siku tisa kiwandani wanakooka mikate. Tano zilikuwa za likizo. Nne hazina mshahara.

Kuna jambo moja Gaynor hakulijua. Wiki ile ile Edna alipokwenda kwao kula chakula cha Jumapili, alikuta kwenye friji karatasi iliyobanwa kwa sumaku. Ilikuwa tangazo la nyumba ya kutunzia wazee iitwayo Larchfield. Herufi zake zilikuwa kubwa kwa sababu ziliandikiwa watu kama yeye, na kwa kugeuza shingo pembeni aliweza kuzisoma zote: vyumba vyenye joto, bustani yenye amani, wauguzi saa zote. Alikula nyama yake, akasifu mchuzi. Toka siku hiyo akaamua kwamba hakuna atakayejua macho yake yamebakiza nini. Mtu anayeona hang'olewi nyumbani kwake.


Siku ya kwanza walikuwa York. Walisimama mbele ya kanisa kuu, Neville akiwa na koti la mvua, Gaynor na kamera, binti yao Tamsin wa miaka kumi na tatu na mdomo uliovutwa kwa sababu simu yake ilikuwa imeishiwa chaji.

"Minara yote miwili," alisema Edna akiinua kidevu. "Na dirisha lile katikati, lina umbo la moyo. Mnaliona?"

Gaynor alimfinya Neville kiwiko. "Anaona," alinong'ona. "Anaona vizuri kuliko nilivyodhani."

"Anaona vizuri kuliko mimi," alisema Neville. "Moyo uko wapi?"

"Pale juu, baba we. Geuza kichwa."

Tamsin hakuwa anatazama dirisha. Alikuwa anamtazama bibi yake, aliyegeuza uso upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Baadaye walipokwenda kununua chai alimwona akiingiza vidole kwenye pochi na kupapasa kingo za sarafu: hii ina pembe, ni peni hamsini, hii ina mikwaruzo, ni pauni. Noti ya ishirini ilikuwa imekunjwa pale pale na hakuigusa.

Siku ya tatu walikula samaki na chipsi kwenye mji mdogo wa pwani ya Northumberland, baada ya kuitazama ngome ya Bamburgh. Edna alikuwa ameisifu ngome mpaka mtu mwingine akamgeukia na kumuuliza kama aliwahi kuwa mwalimu. Mhudumu, msichana mwenye kalamu sikioni, alimtazama Gaynor akauliza, "Na bibi huyu atakula nini?"

"Bibi huyu yuko hapa," alisema Edna. "Na mdomo wake pia."

"Mama, hana nia mbaya."

"Najua hana. Samaki mdogo, mpenzi, na njegere za kupondwa."

Sahani ilipofika, Gaynor aliivuta kwake akaanza kumkatia samaki vipande vipande kabla hajaombwa. Akatoa mwiba mmoja akauweka pembeni. Akammiminia chai, akachukua mkono wa mama yake, akaufungia kikombe ndani yake, kidole kwa kidole. Meza ya jirani walitazama kisha wakatazama madirishani. Edna aliacha mkono ufungwe. Lakini samaki hakumaliza.


Edinburgh walifika siku ya nne, saa tano asubuhi. Karavani waliiacha kambini nje ya mji, wakaingia kwa basi. Edna alivaa skafu ya hariri, maana kitambaa cha Edinburgh ndicho cha kwanza kabisa Clifford kumletea, mwaka waliooana.

Ukungu ulikuwa umeingia kutoka baharini tangu alfajiri. Walisimama kwenye ukingo wa bustani, mahali ambapo kila mgeni husimama, wakainua nyuso. Juu hakukuwa na kitu. Mti wa tatu kutoka walipokuwa ulikuwa kivuli, na wa nne haukuonekana kabisa. Familia moja kutoka mbali ilikuwa inapiga picha za weupe mtupu na kucheka. Neville alifungua mdomo aseme bahati yao ndiyo hiyo, lakini mama mkwe alimtangulia.

"Jamani," alisema Edna, mkono kifuani. "Tazameni ilivyokalia jiwe lake. Kama kuku aliyelalia mayai. Na bendera ile! Clifford aliniambia, utaiona bendera kabla ya chochote."

Neville na Gaynor walitazamana.

"Na ukuta unavyoshuka upande huu wa kushoto." Alinyoosha kidole kwenye weupe. "Gaynor, umepiga picha?"

Gaynor alishusha kamera. "Mama," alisema. "Hakuna ngome."

"Nini?"

"Kuna ukungu. Umefunika kila kitu. Sisi wote hapa hatuoni chochote."

Kidole cha Edna kilibaki hewani kwa muda. Kisha akakishusha polepole, akatafuta mkanda wa mkoba wake.

"Nilidhani weupe ni wangu," alisema.

Basi la utalii lilipita likipiga honi. Neville alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Na York?" aliuliza. "Lile dirisha la moyo?"

"Lipo kwenye kitambaa."

"Bamburgh?"

"Kwenye kitambaa."

"Mama." Sauti ilianza kupanda. "Siku nne naendesha. Siku nne nafunga na kufungua ile karavani kwenye mvua, mgongo umekufa, nimemlamba miguu msimamizi ili anipe hizi siku, na wewe muda wote ulikuwa unanisomea droo ya jikoni?"

"Neville," alisema Gaynor.

"Nauliza tu!"

"Unapiga kelele."

Na kweli alikuwa anapiga kelele. Watu waligeuka. Ile familia ya wageni iliacha kucheka. Mtu wa kwetu akigundua amepandisha sauti barabarani hujiona kama amevuliwa suruali, na Neville alifanya wanachofanya wanaume wetu wengi wakati huo: aliwaka masikio, akasema samahani kwa mtu asiyemjua, akaondoka kwa miguu. Gaynor alimwambia Tamsin, "Kaa na bibi yako," akamkimbilia. Ukungu uliwameza wote wawili kabla hawajavuka barabara.

Hilo ndilo benchi la Maureen.

Edna alikaa wima, mkoba mapajani. Baada ya muda polisi wawili, mwanamume na mwanamke, walisimama mbele yao.

"Mama, uko salama? Umepotea?"

"Mimi sijapotea, mwanangu. Mimi nipo Edinburgh. Iliyopotea ni ngome."

Polisi walicheka wakaenda zao. Tamsin naye alicheka, kisha akavuta zipu ya jaketi lake juu, chini, juu.

"Bibi, unaona nini hasa? Sema kweli."

"Ukikaa hapo mbele yangu, uso wako haupo. Naona kingo. Naona masikio yako." Edna aligeuza shingo. "Yanakua, Mungu akusaidie."

"Nilijua. Unalipa sarafu tu, noti huzigusi."

"Toka lini umejua?"

"York."

"Mbona hukusema?"

"Mbona na wewe hukusema?"

Edna alipapasa skafu yake. Akamweleza juu ya friji, sumaku na herufi kubwa. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mwenzake mahali palipo na duka zuri la nyama. "Nyumba ile nimeingia nikiwa na miaka ishirini na mbili," alisema. "Najua ubao wa ngazi unaolia. Najua maji ya moto yanachukua muda gani kufika juu. Wakinitoa mle, hapo ndipo nitakuwa kipofu."


Jioni ile mvua ilipiga paa la karavani kama mtu anayemwaga dengu. Gaynor alichemsha maji. Kwetu hata nyumba ikiungua maji huchemshwa kwanza. Alipanga vikombe vinne, akatia maziwa, akasema akiwa amewapa mgongo:

"Kesho tunarudi nyumbani."

"Kwangu au Larchfield?" aliuliza Edna.

Kijiko kilisimama.

"Bustani yenye amani," alisema Edna. "Nilisoma. Ilikuwa na herufi nzuri."

Gaynor aligeuka. Uso wake ulikuwa umevimba, macho mekundu. Anafanya kazi ya usafi hospitalini na zamu zake huanza saa kumi na mbili asubuhi, na siku zote akimaliza hupita kwa mama yake kabla hajafika kwake.

"Ndiyo, niliomba karatasi yao," alisema. "Niliomba mimi. Umeungua mkono mara mbili mwaka huu ukasema ni pasi. Mwezi wa pili nimefungua mlango nimekuta gesi inatoka na hakuna moto, na wewe umekaa sebuleni unasikiliza redio. Nifanyeje, Mama? Nisubiri Maureen anipigie simu kwamba kuna moshi?"

Gesi ile Edna alikuwa ameisahau, au alikuwa ameiweka mahali ambapo hakuna mtu angeikuta. Tamsin alikunja miguu juu ya kiti akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Hukuniambia kuhusu gesi," alisema Edna mwishowe.

"Na wewe hukuniambia kuhusu macho."

Mlango ulifunguka. Neville aliingia ameloa, mikononi ana mafurushi manne ya chipsi yanayonuka siki. Alikuwa ameondoka tena, baada ya kuwarudisha wote kambini. Aliyaweka mezani moja moja, kila mtu lake, na la Edna akalifungua.

"Za kwako hazina chumvi," alisema. "Daktari alisema."

"Asante, Neville."

"Nilipayuka."

"Ulipayuka."

"Sikupaswa." Alikaa, karavani ikainama upande wake. Alikula chipsi tatu. "Kambi imelipiwa mpaka Jumapili," alisema. "Conwy imelipiwa. St Ives imelipiwa. Hela hairudi. Mama aone asione, imelipiwa."

Asiyemjua Neville angesema ni bahili. Gaynor alimjua. Aliketi karibu naye akaegemeza paji la uso kwenye bega lake lenye maji.

"Mimi nitakuwa namwambia," alisema Tamsin kutoka kwenye blanketi. "Kilichopo. Mimi ninaona, namwambia, basi."

"Ukweli tu," alisema Edna. "Sitaki kuambiwa pazuri. Uzuri ninao wa kutosha, umepigwa pasi. Ukiona takataka, sema takataka."

"Kwa York ningesema njiwa amenyea kichwa cha mtakatifu."

"Ona sasa," alisema Edna, akinyoosha mkono kutafuta chipsi. "Hilo halipo kwenye kitambaa."


Toka hapo safari ikawa na kelele. Tamsin alikaa nyuma na bibi yake, mdomo haufungi. Kuna ziwa. Maji yake yana rangi ya chai iliyowekwa maziwa kidogo. Kuna kondoo ana alama ya buluu matakoni. Kuna mzee kwenye kituo cha mafuta amevaa kaptura, na Bibi, hapaswi. Kuna mlima, lakini nusu yake imekatwa na wingu, kwa hiyo usiniulize ya juu. Edna aliuliza maswali ambayo hakuna mtu mwenye macho angeyauliza: nyumba zina mapazia gani? Wameanika nguo? Watu wanaongea au kila mtu kivyake? Neville, aliyekuwa hapendi kusimama njiani, alisimama mara tatu ili mama mkwe akashike kitu: ukuta wa mawe usio na saruji, sufu iliyonaswa kwenye waya, mlango wa kanisa dogo uliolainika kwa mikono ya watu.

Gaynor hakusema mengi. Bado alikuwa akimfungia mama yake kikombe mkononi, kidole kwa kidole.

Conwy walikuta foleni. Jua lilikuwa limetoka na watu walikuwa wengi, na kibao cha bei kilimfanya Neville apige mluzi mdogo wa meno. Alianza kuhesabu kwa sauti, mkubwa, mkubwa, mtoto, mzee. Edna alikuwa nyuma yake. Kwenye mkoba wake, ndani ya mfuko wenye zipu, chini ya leso, kulikuwa na kadi aliyopewa mwezi Juni alipoandikishwa. Alikwenda kuandikishwa peke yake, kwa mabasi mawili. Hakuwahi kuionyesha kwa mtu yeyote.

Walifika dirishani. "Watu wanne," alisema Neville.

"Ngoja," alisema Edna.

Alifungua zipu, akaitoa kadi. Kwa kuwa hakuona dirisha lilipoishia, aliinyoosha kwenye hewa tupu. Mwanamume aliyekuwa ndani alichelewa kuelewa. Nyuma yao mtu alikohoa, mtoto aliuliza, "Yule bibi anafanya nini?" akanyamazishwa kwa sauti iliyosikika kuliko swali lenyewe. Gaynor alinyoosha mkono ili amwelekeze. Tamsin aliuzuia.

"Kulia kidogo, Bibi," alisema. "Hapo hapo."

Kadi ilifika. Mwanamume aliisoma. "Aliyeandikishwa kuwa haoni anaingia bure," alisema kwa sauti pana iliyofika mwisho wa foleni, "na mtu mmoja wa kumsaidia."

Shingo ya Edna ikawa nyekundu mpaka kwenye skafu. Neville aliigeuza ile kadi mara mbili.

"Ya mwezi Juni," alisema. "Mama, hii kadi unayo tangu mwezi Juni?"

"Nilikuwa nataka kuwaambia."

"York tumelipa. Bamburgh tumelipa. Kwa kadi hiyo hata leseni ya televisheni ungelipia nusu bei!" Alipangusa uso. "Miezi miwili unawalipa wale watu wa televisheni bei kamili, na kuona huoni!"

Halafu Edna alianza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, akashika ukingo wa dirisha. Neville akacheka. Mwanamume wa tiketi akacheka akiomba samahani. Mama wa yule mtoto naye, nyuma. Na Edna aliingia ngome ya Conwy akiwa ameshika kadi yake mkononi, hakuirudisha kwenye zipu, akapanda ngazi za mawe za kuzunguka huku ameshika kamba ya ukutani, vidato sitini na tano. Alivihesabu. Huko juu upepo ulimpiga usoni akasema, "Hapa ndipo Clifford aliposema kofia yake iliruka," na Tamsin akachungulia chini akamwambia ukweli, kwamba kofia haipo, ila kuna pakiti tupu ya biskuti.


St Ives ilikuwa siku ya nane. Walikaa kwenye ukuta mfupi wa bandari, bahari ikiwa imerudi nyuma na kuacha mchanga na mashua zilizolala ubavu. Neville alikuwa na kofia ya jua ambayo ingempendeza mtu mwingine. Gaynor alikuwa na chupa ya chai, sandwichi za yai na wasiwasi.

Edna alivua viatu. Kisha, mbele ya watu wote wa Cornwall, aligeuka pembeni, akajikunja, akavua soksi zake ndefu.

"Mama!"

"Sijaja mpaka huku kunywa chai ya chupa."

Alisimama. Gaynor naye akasimama, mkono tayari.

"Niache," alisema Edna. "Nitaenda kwenye sauti. Tamsin, kuna kitu njiani?"

"Kamba ya mashua, hatua kama kumi. Halafu mbwa, lakini anatoka. Halafu hakuna kitu."

Alikwenda. Alikwenda polepole, mguu mmoja ukiuliza na wa pili ukifuata. Akaifikia ile kamba, akaigusa kwa kidole cha mguu, akairuka. Gaynor alihesabu hatua kwa midomo. Maji yalipomfika vifundoni Edna alipiga ukelele uliowafanya shakwe waruke kwenye paa la duka la aiskrimu.

"Baridi!" alipayuka. "Clifford hakuniambia kuhusu baridi! Miaka hamsini na saba, hakuna kitambaa kilichoniambia kuna baridi hivi!"

Aliporudi, akifuata sauti ya Tamsin, sketi ilikuwa imeloa mpaka magotini na uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, au wa yeye mwenyewe wa zamani. Alikaa ukutani. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa kitambaa kilichokunjwa mara nne, kikali kwa pasi: bandari ya St Ives, mashua za buluu, mnara wa taa. Akakikung'uta, akaanza kufuta mchanga katikati ya vidole vya miguu.

"Mama, hicho si cha Baba?"

"Ni cha kukaushia," alisema Edna. "Baba yako alikinunua cha kukaushia."

Neville alitazama baharini kwa makini, kama mtu anayesubiri meli. Tamsin alishuka kwenda kumfuata mbwa. Edna alimaliza mguu wa kulia, akakikunja kitambaa chenye maji, akakiweka ukutani penye jua.

"Gaynor," alisema. "Nataka kukuomba kitu, na nakuomba usinijibu haraka haraka ili ninyamaze."

Gaynor alikuwa anafungua chupa ya chai.

"Kuna mama mmoja wa chama cha wasioona. Anakuja nyumbani kwa mtu. Anabandika vitufe kwenye jiko ili ujue kwa kidole kama limewashwa. Anafundisha fimbo, anafundisha njia ya dukani. Nina namba yake tangu Juni, sikupiga kwa sababu ningepiga mngejua." Alivuta pumzi. "Gesi itolewe. Weka jiko la umeme, sitabisha. Njoo kila siku ukitaka. Mimi nakuomba majira ya baridi moja. Haya yanayokuja tu. Nikae nyumbani kwangu nijifunze. Masika yakifika, ukaona sijaweza, nitaingia kwenye gari mwenyewe, hutanivuta, nitakwenda Larchfield nikawasumbue wao. Majira ya baridi moja, Gaynor. Utanipa?"

Mawimbi yalikuja, yakarudi. Mbali kidogo mtu alikuwa anamwita mtoto aje avae viatu. Gaynor alimimina chai, maziwa kidogo, bila sukari, mpaka karibu na ukingo, na mvuke ukampanda usoni. Alimtazama mama yake, miguu mitupu, mchanga umebaki kwenye mguu wa kushoto.

Alinyoosha kikombe kuelekea mkono wa mama yake, kama kawaida, na vidole vyake tayari vilikuwa vinataka kuvikunja vya mwenzake. Mkono ukaishia katikati. Kisha akakiweka kikombe juu ya ukuta, mkono mmoja hivi kutoka alipo Edna, akageuza mshikio upande wake, akaondoa mkono.

"Kiko kulia kwako," alisema. "Ni cha moto."

Na Edna akaanza kukitafuta.